Malalamiko ya Kwaya ya Vaimalie Dhidi ya Programu Inayozimika Ikiambiwa Ihifadhi Wimbo

Kwaya ya Kanisa la Vaimalie,
Kisiwa cha Savaii, Samoa.
Ijumaa, asubuhi.

Ndugu Watengenezaji wa Korali, Programu ya Kurekodia Muziki,

Nawasalimu kwa vyeo vyenu vyote, hata nisivyovijua, na naomba radhi kwa yeyote niliyemruka. Mimi ni Penitito Sagale, katibu wa kwaya hii kwa mwaka wa kumi na tisa. Siandiki kwa hasira. Hasira ilikuwa Jumanne. Leo ni Ijumaa na nimeshakunywa kakao yangu.

Shida yetu ni hii. Kanisa letu jipya litafunguliwa Agosti. Kesho alfajiri waimbaji wetu wanne wa besi, ambao ndio besi zote tulizo nazo, wanapanda feri, kisha ndege, kwenda New Zealand kuchuma matofaa kwa miezi saba. Tusipowarekodi leo, siku ya ufunguzi tutaimba bila sauti ya chini hata moja, na wageni watadhani ni kwaya ya vifaranga. Ndiyo maana tukaiweka programu yenu kwenye kompyuta. Inarekodi vizuri, hapo sina neno. Lakini kila tukibofya ihifadhi, inazimika na kuondoka na wimbo. Mara saba sasa. Malalamiko yetu ni kama yafuatayo:

1. Jumatatu wimbo ulitoka mtamu mno, hata Bibi Fuatino, mke wa mchungaji na mtunzi wa wimbo wenyewe, akalia. Nikabofya. Skrini ikawa nyeupe, halafu ikawa kama hatujawahi kuonana. Bibi Fuatino akaendelea kulia, ila kwa sababu nyingine.

2. Jumanne programu yenu ilizimika sekunde ileile kombe la baharini lilipopulizwa kama baragumu kutangaza sala ya jioni. Kama mjuavyo, kombe likishalia hakuna kupaza sauti wala kupita njiani. Watu arobaini tukakaa chini na hasira zetu kifuani, kimya kabisa, macho tumeyafumba kwa nguvu. Mchungaji alisema hajawahi kuona kwaya ikisali kwa moyo namna ile. Sasa anataka tufanye hivyo kila siku.

3. Msidhani tulikaa tu. Tulizima na kuwasha. Tuliihamisha kompyuta kutoka juani. Panapa, mmoja wa wale wa besi, aliifungua nyuma akamtoa mjusi, ambaye alikuwa mzima wa afya na, kwa ushahidi uliopo, hana hatia. Silao, naye wa besi, akasema, "Jamani, labda haipendi sauti nene." Basi tukawatoa nje wote wanne, nikarekodi kikohozi changu peke yake, nikakipa jina lote la wimbo kama inavyostahili, nikabofya. Ikazimika. Kwa hiyo haina ubaguzi, na kwa hilo tunaipongeza.

4. Kabla hamjatutupia lawama, naomba ieleweke kwamba upande wetu adabu haikupungua hata kidogo. Faili nililipa jina kamili: "Wimbo wa Kufungulia Kanisa Jipya la Vaimalie, Uliotungwa na Bibi Fuatino, Mke Mheshimiwa wa Mchungaji Wetu, kwa Ruhusa ya Wazee Wote Wenye Vyeo." Lilipopotea mara ya kwanza, nikagundua nimemruka Msemaji wa Baraza la Wazee. Mtu akirukwa hapa lazima anune, na nikaona kompyuta imenuna kwa niaba yake. Nikamwongeza. Likapotea tena, nikawaongeza akina mama wa Kamati waliotupikia palusami siku za mazoezi. Mara ya tatu nikawaongeza watu wa Vaimalie walioko Auckland, waliotuma saruji. Mara ya nne, aliyebeba saruji. Sasa jina limekuwa refu kiasi kwamba nikiandika mwisho wake siuoni mwanzo, na bado programu yenu haijaridhika! Ni nani mwingine mnayemtaka?

Mwishoni nimewaandika Ekueta, Panapa, Silao na Mose, "ambao siku hii wako juu ya ngazi, kwenye miti ya watu". Hao siwaondoi. Ekueta ni mwanangu. Benchi lake litakuwa tupu siku ambayo tumeisubiri miaka sita, na ninataka yeyote atakayeufungua wimbo huo alione jina lake kabla ya kusikia sauti yoyote. Inaniuma, nawaambia wazi.

5. Sasa nafika kwenye tusi. Tuliwaandikia mkatujibu kupitia kijana wenu Brett. Nanukuu: "Habari Penitito! Jaribu kuhifadhi kwa jina fupi." Ndugu zangu, hapa kwetu jina fupi ni la mbwa. Mbwa wangu anaitwa Pi, na hata yeye wageni wakija tunamwongezea kidogo. Nilimsomea mke wangu Sulieti barua hiyo. Yeye akasema, "Si ujaribu tu? Utapungukiwa nini?" Hii ndiyo hasara ya barua za aina ile: zinaingia mpaka ndani ya ndoa za watu.

6. Kwa hiyo Baraza limekaa, nami nikiwa mwandishi wa kikao, tukaamua hivi. Kosa kubwa kama hili kwetu husafishwa kwa njia moja. Mkosaji huja alfajiri, akaketi chini mbele ya nyumba ya aliyemkosea, amefunikwa mkeka wa heshima, na hukaa hapo mpaka aliyekosewa atoke aunyanyue. Tunaomba mkuu wa kampuni yenu aje aketi hivyo mbele ya kanisa. Brett aje naye, aketi kushoto. Mkeka msihangaike nao; tumeshaazima mmoja kwa shangazi yangu, umeanikwa juani tangu jana na ni mpana, wawili mnaenea. Mkija na boksi chache za samaki wa kopo hatutawazuia. Baada ya hapo tutakula pamoja na hakuna atakayelitaja jambo hili tena, isipokuwa mimi.

Leo alasiri tutarekodi mara ya nane, ya mwisho. Koo za vijana zimekauka. Mose hawezi tena kusema, anaonyesha kwa mikono.

Wasalimieni wake na waume zenu, watoto, majirani, mlinzi wa getini kwenu, na aliyebuni kitufe cha kuhifadhi, kwani naamini alikuwa na nia njema.

Ni mimi niliyekosewa, lakini mpole,
Penitito Sagale,
Katibu.

NB. Nilikuwa sijaituma barua hii, na sasa sijui niitume vipi. Jana alasiri tulirekodi mara ya nane. Nilikwenda kuoga kabla ya sala, na Sulieti akabofya mwenyewe. Ikahifadhi! Mara moja, bila kununa. Nikatoka mbio na taulo, nikamuuliza ameliandikaje jina lote lile kwa haraka namna hiyo. Akasema, "Jina gani? Nimeandika Pi. Mbwa alikuwa amelala mbele yangu."

Basi wimbo wa kufungulia kanisa unaitwa Pi. Kila Sulieti akisema tumsikilize Pi, mbwa anakuja. Tafadhali mwambieni Brett kwamba ni kijana mwenye busara na wazazi wake walimlea vizuri.

Lakini mkeka ulikuwa umeshaanikwa, na vijana wanne walikuwa wameimba wimbo mmoja mara nane kwa sababu yangu. Kwa hiyo leo Jumamosi alfajiri nimeketi chini yake mbele ya nyumba yangu mwenyewe, ambako wote wanne wamekusanyika na mabegi yao. Naandika haya humu ndani, ndiyo maana mistari imepinda. Kuna joto. Mose, aliyepoteza sauti, imemrudia kwa ajili ya kunicheka. Sulieti anasema nisikae sana, mkeka ni wa shangazi.

Ekueta ameunyanyua. Amesema, "Toka baba, feri itatuacha. Jina langu usiliweke kwenye kompyuta. Lisome wewe kanisani, kwa mdomo wako, lote."

Agosti nitayasoma majina yote manne, na sitafupisha hata moja. Msije, ndugu zangu. Mkeka umeshanyanyuliwa.