Ombi la Kuhesabiwa Kuwa Nimekwisha Kuzikwa

Tihomir Vukadinac,
Nyumba ya mwisho kabla ya daraja,
Donja Vrletina.
Septemba, wiki ya kuchuma plamu.

Kwa Bibi Mkurugenzi,
Ofisi ya Mambo ya Kale ya Wilaya.

YAH: KUZUIWA KUZIKWA KWENYE KABURI LANGU MWENYEWE

Bibi Mkurugenzi mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima. Mimi ninayeiandika ni mzima pia, na hapo hasa ndipo shida yangu inapoanzia.

Tangazo mlilolibandika kwenye lango la magofu ya monasteri nimelisoma, nikafuta miwani, nikalisoma tena. Linasema kwamba kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Dimitri, mwezi wa kumi na moja, hakuna mtu atakayezikwa tena ndani ya kuta za monasteri, kwa kuwa makaburi yetu yanaharibu mambo ya kale na kuwasumbua wageni.

Jamani! Mimi nina kaburi mle. Mke wangu Desanka amelala mle, chini ya ukuta wa mashariki, pale jua la asubuhi linapopitia kwenye dirisha lisilo na kioo. Tulipomzika nilimwagiza mchongaji aweke picha zetu wote wawili kwenye jiwe moja jeusi, jina lake na langu, tarehe zake zote mbili, na yangu ya kuzaliwa, halafu kistari, halafu nafasi tupu. Ndivyo wanavyofanya watu wote wenye akili hapa kwetu. Sasa mnaniambia kistari kile kitaning'inia hivyo hivyo milele? Sitaki kulazwa peke yangu kwenye makaburi mapya nyuma ya kituo cha mafuta. Nataka kulala na mke wangu. Ni hilo tu, mengine yote humu ni maelezo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwamba ofisi yako inabagua maiti. Yule bwana mkubwa aliyeijenga monasteri karne ya kumi na nne amezikwa katikati ya kanisa, na sijasikia kwamba alikuja kwenu kuomba kibali. Mmemwekea kamba nyekundu na taa. Desanka wangu, aliyekuwa akifagia majani kwenye kaburi la huyo bwana kabla ofisi yenu haijaijua njia ya kuja huku, yeye anaitwa usumbufu. Ama wote wawili ni mambo ya kale, ama wote wawili ni usumbufu. Kama inabidi Desanka atimize miaka mia sita ndipo apewe kamba, niambieni, nitangoja. Lakini nitangoja nikiwa kando yake.

2. Kwamba hao wageni mnaowahurumia hawajasumbuka hata kidogo. Wanakuja kwa mabasi, wanapanda ukuta, wanauliza choo kiko wapi. Mtembeza wageni wenu, Bwana Nebojša, akishamaliza habari za Waturuki na za moto huishiwa na maneno, maana paa halipo, na picha za ukutani zimebaki miguu ya watakatifu tu. Basi huwaleta kwangu. Nikiwa nimeinama nang'oa magugu namsikia: "Na huyu hapa, mabibi na mabwana, ndiye mzee anayelitunza kaburi lake mwenyewe. Mzee Tihomir, hebu simama karibu na jiwe wakupige picha." Nasimama. Nitafanyaje? Kuna Mjerumani mmoja alinitaka nifumbe na macho. Mtu anayeonyeshwa pamoja na magofu, Bibi Mkurugenzi, ana haki ya kubaki na magofu.

3. Kwamba lango halina mlinzi, na hili ndilo lililonishikisha kalamu. Kwa sababu ya uzembe huo anaingia Bi Ljubinka, mjane kutoka mji wa Kraljevo, mshonaji mstaafu, anayekuja na basi la Jumatano. Mara ya kwanza nilimkuta ameketi kwenye benchi langu, nililolipigilia misumari kwa mikono yangu, ametandaza kitambaa magotini anakula mkate na pilipili hoho za kuchoma. Hilo si kosa. Kwetu watu hula makaburini, na marehemu hupewa chao. Akamimina rakija kidogo, ile pombe yetu kali ya plamu, kwenye udongo upande wa Desanka, nikasema moyoni, vizuri, ana adabu. Kisha akamimina upande wangu! Na kwenye sanduku la mchanga la mishumaa, ambako walio hai huwashiwa juu na wafu huwashiwa chini, mimi alikuwa ameniwashia chini.

Damu ilinichemka. Nikamwambia, "Mama, huyo unayemwombea pumziko la milele ni mimi." Akalitazama jiwe, akanitazama mimi, akalitazama jiwe tena. Mwingine angepiga yowe. Yeye akasema, "Hapana, bwana. Huyu alikuwa na nywele."

Hiyo ndiyo hali ya usalama katika monasteri yako.

Nilimweleza habari ya kistari. Akasema alidhani ni mkwaruzo, na kwamba amekuwa akiniombea tangu theluji ilipoyeyuka, kwa sababu pale kwenye picha nilionekana mtu asiye na wa kumwombea. Niambie, ufidhuli gani huo? Nikadai aupandishe mshumaa juu. Akanijibu kwamba umeshaungua nusu, na si vizuri kumsumbua mtu aliyekwisha kulala. Tangu hapo hanijui kwa jina jingine ila Marehemu. "Marehemu, sogea bwana, unanizibia jua." "Marehemu, kula hii pilipili, mbona umekonda hivyo na umeshapumzika?" Jumatano moja aliiona kola ya shati langu imefumuka, akatoa sindano mkobani akaishona palepale nikiwa nimeivaa, akaniamuru nisiseme neno nisije nikachomwa.

Naomba mwanamke huyo apigwe marufuku. Naomba pia nijulishwe mapema marufuku hiyo itaanza Jumatano ipi, na kama itahusu hata ngazi za nje na kile kijia cha kisimani, tulikokaa siku ya mvua. Nisionekane napiga chuku: wiki ile barabara ilipofungwa basi likakosa kuja, nilikaa kwenye benchi mpaka jua likazama, ili nihakikishe kwamba kweli hakuja. Ndivyo ninavyolichukulia jambo hili kwa uzito.

4. Nimelifuta. Lilihusu yale mabati mliyoufunika nayo mnara, na lilikuwa na maneno yasiyofaa kuandikiwa mama mtu mzima.

5. Kwamba tarehe mliyoichagua haitekelezeki. Nikitaka kuitii sheria na bado nizikwe kwa mke wangu, yanipasa nife kabla ya Mtakatifu Dimitri. Nimejaribu kwa moyo mweupe kuitafutia nafasi. Septemba ni plamu. Oktoba ni kuchemsha rakija, na zamu yangu kwenye mtambo wa kijiji nimeipata kwa kubembeleza, siwezi kufa nikamwachia jirani, ambaye huunguza. Zinazobaki ni siku chache, nazo ni za kutia kabichi kwenye pipa la maji ya chumvi. Daktari naye hasaidii kitu. Amenipima akasema moyo wangu ni wa fahali. Nilimwomba apime tena, akanifukuza.

Kwa hiyo, Bibi Mkurugenzi, naomba mniandike kuwa nimekwisha kuzikwa. Jina langu liko, picha iko, rakija nimemiminiwa, mshumaa wa wafu nimewashiwa, na shahidi ni basi zima la Wajerumani. Kilichopungua ni mwili tu, nao nitauleta mwenyewe wakati wake ukifika, kwa miguu ikiwezekana. Mkishaniandika nitakuwa mkazi halali wa monasteri, hivyo sitalipa kiingilio. Na kwa kuwa watawa wa mwisho walitoroka zamani za Waturuki bila kuaga, nami nitakuwa mkazi pekee anayepumua, ni haki nitambuliwe kuwa mkuu wa monasteri na nikabidhiwe ufunguo wa lango. Hapo nitaamua mwenyewe nani azikwe na nani ni usumbufu. Uamuzi wangu wa kwanza utakuwa kuihamishia ofisi yenu nyuma ya kituo cha mafuta, ambako mnasema ni pazuri.

Wasalimie wote hapo ofisini, na watoto wako kama Mungu amekujalia. Bwana aliyebandika tangazo mwambie gundi yake haikushika, nimelipigilia misumari. Bwana Nebojša anakusalimu na kuuliza habari ya choo.

Wako mtiifu, bado akiwa juu ya ardhi,

Tihomir Vukadinac

Nyongeza:

Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua kwa mvuke wa birika. Leo ilikuwa Jumatano, nami nilimpa Bi Ljubinka barua hii aniangalizie makosa. Sehemu inayomhusu aliisoma mara mbili bila kucheka. Halafu akaikunja vizuri akaniambia, "Tihomir, umejaza karatasi zote hizi kwa ajili ya pa kulala. Na pa kula je?" Ninavyokula naona haya kukuandikia: nasimama mbele ya jiko, kijiko kiko ndani ya sufuria.

Kwa hiyo malalamiko yote yafuteni, nawatumia tu kwa kuwa stempu imeshabandikwa. Lango liacheni wazi, hasa Jumatano. Makaburi fungeni siku mnayotaka, kwa sasa sina nafasi ya kufa. Jumapili nakwenda Kraljevo kumtazamia bomba lake linalovuja, na amesema nisile kitu kabla ya kuja.

Nimepanda kwanza hadi kaburini kumwambia Desanka. Nilivua kofia nikamweleza yote, hata lile la kola. Mke wangu, Bibi Mkurugenzi, hakuwahi kumeza neno maishani mwake. Siku ya harusi yetu alimkatiza padri mbele ya wazazi wake. Nikasimama pale nimngoje anikatalie. Nilimngoja kweli, machozi yananitoka. Hakusema kitu.

Nikavaa kofia, nikashuka.