Adui wa Skrini ya Hekalu

Redio ya Shangazi Lian ilitangaza kwamba kompyuta za serikali zimevamiwa tena na wadukuzi wa ng'ambo. Mzee Khoo, ambaye kijiwe kizima cha chai mbele ya hekalu la Mazu, mungu wa kike wa bahari, hapo Tainan, Taiwan, humwita Siamini, akatema ganda la alizeti.

"Kila siku vita vya mtandao! Mimi vita ambavyo havijatoboa hata sufuria sivitambui."

"Siku hizi wanakumaliza umekaa," alisema Jenerali, ambaye jeshini alimenya viazi vitamu mpaka akastaafishwa.

"Mke wangu ananimaliza nimekaa tangu ujana, na kompyuta hana."

Shangazi Lian alicheka hadi akamwaga chai. Hapo akaingia Spika, mwenyekiti wa mtaa, jasho linamtiririka.

"Tumeshambuliwa! Skrini ya hekalu imezimika!"

Kesho sanamu ya Mazu inatolewa kwa maandamano, wageni kila kona, na Jumamosi ni uchaguzi wa mwenyekiti. Skrini ile Spika ndiye aliyeing'ang'ania mpaka ubao wa matangazo wa zamani ukatupwa.

"Nani katushambulia?" Siamini aliuliza.

"Taifa la nje!"

"Yaani jeshi zima limeamka, likanywa uji, mkubwa wao akapiga meza: 'Wanangu, leo achaneni na bandari, achaneni na mabenki. Kazimeni tangazo la maandamano ya Tainan!'"

"Ndiyo ujanja wao, wanaanzia chini!"

"Basi Jumamosi watakumaliza wewe."

Spika akanywea. "Kaka Khoo, usinitanie. Isipowaka, kiti sina."

Wakaongozana hadi chumba cha ngoma, Siamini mbele, kicheko amekishika mdomoni tayari. Akafungua kabati la mitambo. Kicheko kikamfia. Juu ya mashine palikuwa na pakiti ya vitafunwa vya mahindi, kama inavyowekwa juu ya kila mashine kisiwani ili itulie na kutii. Lakini hii ilikuwa ya njano.

"Spika," alinong'ona, "umeweka nini hapa?"

"Ya kijani iliisha dukani. Si rangi tu?"

"Rangi tu!" Siamini alishika kichwa. "Barabarani taa ya njano inakwambia nini? Mashine unaiambia ijiandae kusimama, halafu unasingizia mataifa ya watu!"

Shangazi Lian akaigeuza pakiti. "Mungu wangu. Na muda wake ulishapita."

"Umetuacha uchi, bwana!" Siamini alifoka. "Adui wa nini tena?"

Spika alidandia pikipiki, akarudi na ya kijani. Siamini mwenyewe akaiweka kwa mikono miwili, akaikalisha vizuri, akainama. Nyuma ya kabati, Jenerali akausukuma waya uliolegea. Hakuna aliyemtazama. Skrini ikawaka.

"Mmeona?" Siamini alijipiga kifua. "Mtandao, mtandao! Watu hamna imani."

Jioni Spika alipita nyumba kwa nyumba na katoni ya pakiti za kijani.

"Hii si rushwa?" Shangazi Lian aliuliza.

"Ulinzi wa taifa, Shangazi."

Siamini akapokea yake. "Kura yangu unayo. Ila niongeze moja."

"Ya nini, kaka?"

Mzee akatazama kushoto, akatazama kulia, akashusha sauti.

"Ya friji. Siku hizi mafriji yanasikiliza."