Kulikuwa na Nafasi

Jumatatu, 3 Juni
Binti yangu anaolewa Jumamosi. Nimeamua: nitamwendesha mimi mwenyewe mpaka ukumbini. Asubuhi nzima nimekaa jikoni na kifuniko cha sufuria mikononi kama usukani, nakata kona taratibu, maua kwenye boneti, watu wanapunga mikono. Mke wangu akaja kudai kifuniko chake.

Kikwazo kimoja tu. Miaka sita iliyopita, nikiendesha gari la kiwanda cha mikate, niliyapita magari kumi na moja kwa mpigo. Kwenye kona. Hakimu aliuliza kwa nini. Nilimjibu ukweli: kulikuwa na nafasi. Akanifutia leseni.

Jumanne, 4 Juni
Ofisi ya leseni. Karani, mama mpole, alifungua kompyuta, akanisoma kama anasoma taarifa ya msiba. Alisema muda wa adhabu umekwisha, lakini nianze upya: darasa, mtihani wa alama za barabarani, mtihani wa kuendesha. Miezi mitatu. Nikamwambia nina siku nne. Akanipa hongera ya harusi.

Kumbe hukumu haizeeki! Imeninyima kazi tatu. Watu wa bima wakisikia jina langu wanakohoa. Sasa inaninyima na mwanangu.

Jumatano, 5 Juni
Shemeji, kaka wa mke wangu, amejitolea gari lake jeupe. Na kuliendesha! Mtu ambaye hajawahi kupita hata mkokoteni. Mke wangu amekubali bila kuniuliza. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alhamisi, 6 Juni
Nimepata! Kilichokatazwa ni kuendesha. Bila injini, mtu anaendesha nini? Barabara yetu ni mteremko mtupu kutoka getini mpaka ukumbini. Injini ikizimwa, gari litajiendea lenyewe. Mimi nitakuwa nimekaa tu, nimeshika usukani kwa adabu. Shemeji nitamtuma dukani akatafute pini.

Mchana kutwa nimeliona gari hilo likielea, kimya, binti yangu akitabasamu kwenye kioo. Nimesahau kula.

Ijumaa, 7 Juni
Shemeji alileta gari lioshwe, akaniachia ufunguo. Nililegeza breki ya mkono kidogo. Kuonja tu. Gari likaanza kusogea. Utamu ule! Hakuna sauti, upepo dirishani, kivuli cha mti kinapita polepole kwenye kioo. Miaka sita sijapata raha kama hiyo. Nikafumba macho.

Geti likaniamsha. Taa zote mbili zimevunjika, maji ya rejeta yamemwagika uani. Shemeji aliuliza nani alikuwa anaendesha. Nikamweleza kwamba hakuna, injini ilikuwa imezimwa. Akachukua ufunguo wake. Magari ya kukodi yote yamekwisha kuchukuliwa, kwa hiyo bibi harusi atakwenda kwa miguu.

Nilingoja binti yangu anifokee. Alikaa tu kando yangu kwenye ngazi.

"Baba, mimi sikutaka dereva," alisema. "Nilitaka ukae nyuma na mimi, unishike mkono."

Nimelia, sifichi. Nimeapa kesho nitatembea kwa utulivu. Haraka haraka haina baraka.

Jumapili, 9 Juni
Jana sikuandika. Niandike leo.

Tuliteremka kwa miguu, jua laini, mkono wake ndani ya mkono wangu. Mbele yetu shangazi zake wakiimba, wawili wawili, bila haraka. Nilikuwa na furaha mpaka masikio yalikuwa yanavuma. Sikuutamani usukani wowote duniani, Mungu ni shahidi wangu.

Tukafika kwenye kona. Shangazi wakapunguza mwendo. Nikachungulia upande wa kulia: peupe.

Tuliingia ukumbini wa kwanza. Shangazi wawili walitolewa mtaroni, mkoba wa mmoja bado haujaonekana. Bibi harusi alikuwa na kiatu kimoja. Aliponiuliza kwa nini, nilihesabu kwanza wale wanawake waliokuwa wanakuja nyuma yetu wakihema. Kumi na mmoja.

Nikamjibu ukweli. Kulikuwa na nafasi.