Fidia ya Ng'ombe wa Bibi Tupokigwe

Prosper alipokuta watu wazima wa kijiji cha Kinyala wakimlilia ng'ombe aliyetumbukia korongoni, aliinamisha kichwa kwa heshima, na huku ameinama akaanza kupiga hesabu. Watu wanaomlilia ng'ombe namna hii, aliwaza, watalipia bima.

Tumtendee haki: hakuwa mwizi. Alikuwa mhitimu. Alikuwa na shahada ya bima, suti moja, na barua za kuomba kazi ambazo hakuna aliyezijibu. Wiki iliyofuata aliweka meza kando ya soko la Tukuyu, akajiita dalali wa bima za mifugo. Kampuni yenyewe ilikuwa "Dar huko". Mpango wake ulikuwa apate nauli na kodi ya chumba Dar, atajirike, kisha awarudishie wote. Sehemu hiyo ya kurudisha ilimliza kidogo kila alipoiwaza.

Bibi Tupokigwe, mwenye ng'ombe wa maziwa aitwaye Sikitu, alimkazia macho.

"Mwanangu, nitajuaje kama wewe ni wa kweli?"

"Bibi, dalali wa uongo atapanda mlima mpaka zizini kwako?"

Akapanda kweli, akambana Sikitu hereni ya njano sikioni. "Akifa, niletee sikio lenye hereni. Fidia papo hapo."

Hayo alifundishwa chuoni. Ndiyo yaliyokuwa ya kweli peke yake katika biashara nzima, na ndiyo yaliyomponza.

Siku moja ya soko, foleni ikiwa ndefu mbele ya meza, bibi alitokea akilia. Akafungua jani la mgomba: sikio la ng'ombe, na hereni ya njano juu yake.

"Sikitu ameniacha!"

Jairo, mzee mwenye ng'ombe wanne ambaye alikuwa hajalipia hata mmoja, akasogea. "Haya dalali, tuone."

Prosper alilitazama sikio, akaitazama foleni. Nikimlipa huyu, aliwaza, hawa wote ni wangu leo. Akamhesabia bibi hela zote za bima alizokuwa amekusanya, kwa sauti ya mchungaji madhabahuni. Watu wakapiga makofi. Dakika ile alijipenda mno.

"Ndaga, mwanangu," bibi alishukuru, machozi yamekauka ghafla.

"Anayefuata!"

"Ngoja nikalete hela nyumbani," alisema Jairo. Wengine nao wakazifuata zao. Ukungu ulishuka mpaka ukaifunika meza, na hakuna aliyerudi.

Kesho yake Prosper akawafuata Kinyala. Uani kwa bibi alimkuta Sikitu anatafuna majani, masikio yote mawili yakipunga nzi.

"Karibu, dalali. Hereni nilimvua, nikaishona kwenye sikio la buchani."

"Bibi, umenitapeli!" Prosper alipiga kelele, kisha akalisikia neno lake mwenyewe.

"Wenzangu nimewarudishia chao. Kabla ya hapo nilienda Mbeya kuulizia kampuni yako, hakuna anayeijua. Ila nimempata dalali mwenye leseni. Anatafuta kijana anayevijua vijiji vyetu. Nimekutaja."

Prosper akainyoosha suti yake. "Umemwambia mimi ni mwaminifu?"

"Nimdanganye mtu wa watu?" Bibi alimpa kikombe cha maziwa ya marehemu. "Nimemwambia fidia unalipa papo hapo."