Glovu ya Kushoto ya Suzuna

Jumatatu, 2 Desemba

Theluji imefika kwenye kizingiti cha dirisha. Daktari amesikiliza moyo wangu kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akauliza kama nina watu. Nikasema ninaye binti. Hakuuliza zaidi. Kuyaona maua ya mcheri ya Aprili, alisema, tusikupangie sana.

Basi niseme ukweli humu. Nina miaka themanini na sita na sina tena wa kumdanganya. Binti yangu Chizuru hajazungumza nami kwa miaka kumi na miwili. Aliniandikia barua ya kurasa nne kunieleza kwamba anaolewa na mpishi wa tambi huko Sendai. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka thelathini na minane. Niliisoma, nikafungua kasha la mihuri ya kusahihishia, ile yenye ua la mcheri, nikapiga "Ongeza Bidii" chini ya jina lake, nikamrudishia kwa posta. Nilidhani atacheka.

Hapana. Sikudhani atacheka.

Oktoba amehamia hapa mjini na mumewe na mtoto. Ni mwendo wa dakika tisa kutoka kwangu. Kwa miguu yangu, ishirini na tano. Mjukuu anaitwa Suzuna, ana miaka mitano, yuko chekechea ya Mwalimu Orikasa. Haya yote nimeyapata kwa muuza tofu.

Kila mwezi chekechea hutuma barua: habari, na vikumbusho vya majira. Kila mzazi lazima aisome. Chizuru naye. Nina mpango.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimejitolea kuandika barua ya baridi. Mwalimu Orikasa nilimfundisha darasa la tatu. Mpaka leo hunyoosha mgongo akiniona. Hawezi kunikatalia. Kikwazo ni Bwana Sasamori, mkuu wa stesheni mstaafu, ambaye ndiye huiandika siku zote. Mtu wa miaka sabini na minane anayeteleza mlimani kwa kibao pamoja na watoto. Alikubali, ila nifupishe, kwa sababu akina mama husoma wakisubiri taa ya kijani. Nikamwambia mimi si tangazo la treni.

Nimeandika vikumbusho sita. Jina liandikwe kwenye kila glovu, zote mbili. Suruali ya theluji ya akiba ibaki shuleni. Skafu ndefu zisivaliwe kwenye mteremko. Mwenye homa asiletwe. Viatu vikaushwe kwa magazeti. Na cha sita: baridi huwapata pia wanaoishi peke yao, anayehusika anajijua.

Orikasa amekifuta cha sita. Kwa penseli, kwa heshima, lakini amekifuta. Alisema kila mzazi angejiuliza ni nani anayesemwa.

Hilo ndilo nililotaka.

Jumatatu, 9 Desemba

Mpango wa pili. Jumamosi ni siku ya kutwanga mochi, keki za mchele unaonata, hapo chekechea. Orikasa alinipa tangazo nilinakili. Ana watoto saba wenye homa, hakulisoma tena. Nikaongeza mstari wangu: kila mtoto aje na babu au bibi.

Wakwe wa Chizuru wako mbali, Kyushu. Mama yake, mke wangu, amefariki. Babu aliye karibu ni mmoja tu. Nimerudia hesabu mara tatu. Nimenyoa ndevu. Nimekaa kando ya simu.

Alhamisi, 12 Desemba

Simu imelia mara moja. Orikasa. Familia tano hazina mzee, na wazazi wamekasirika. Mama mmoja ameuliza kama inatosha kuja na picha ya marehemu kutoka kwenye madhabahu ya nyumbani. Nikasema inatosha. Orikasa akasema Bwana Sasamori ameokoa jahazi: atakuwa babu wa kuazima kwa wote wasio na babu.

Nikauliza ni watoto gani. Akanitajia watano. Wa nne alikuwa Suzuna.

Jumamosi, 14 Desemba

Nimekwenda hata hivyo. Wamenikalisha kwenye kiti cha watoto, magoti yakanifika kidevuni. Sasamori akaingia na wajukuu wake watano wa kuazima. Wa kwangu ndiye aliyemshika mkono.

Chizuru alikuwa kwenye sufuria ya mvuke, amefunga aproni. Ana mvi juu ya sikio. Hakuna aliyeniambia kwamba ana mvi. Aliniona, akageukia mchele wake.

Baadaye Suzuna alinijia na kipande cha mochi kwenye sahani, akaniuliza mimi ni babu wa nani. Nikasema leo sina mtu. Akasema pole, ungesema mapema, Babu Sasamori ana watu wengi mno, angekugawia.

Daktari amenikataza mochi, huwakaba wazee. Nimekula. Ilinichukua karibu nusu saa, na Suzuna alisimama mbele yangu akihesabu ninavyotafuna mpaka mama yake akamwita.

Aliacha glovu kwenye benchi. Nyekundu, ya kushoto. Haina jina. Barua yangu bado haijatoka, na kikumbusho cha kwanza tayari kinahitajika.

Nimeiba glovu. Nasema hapa kwa sababu nimeahidi ukweli.

Jumatatu, 16 Desemba

Nimepeleka tangazo jipya: imeokotwa glovu, mwenyewe aifuate nyumbani kwa Mwalimu Ichinohe, yaani kwangu. Sasamori alikuwepo ofisini. Akasema vitu vilivyopotea huwekwa kwenye kikapu cha mlangoni, tangu chekechea ijengwe. Halafu akanivuta pembeni.

"Mwalimu," akasema, "acha kutega watu kwa glovu ya mtoto. Mwandikie binti yako kama baba."

Nilikasirika njia nzima. Dakika ishirini na tano ni nyingi kwa hasira ya mtu mwenye moyo kama wangu. Nilipofika nikaandika kikumbusho cha sita upya:

"Zamani mwalimu mmoja alipata barua nzuri kuliko zote alizowahi kusoma. Akaipiga muhuri kwa sababu hakujua afanye nini na machozi. Anaomba radhi. Glovu iko kwake."

Nilimsomea Orikasa kwa simu. Akapenga kamasi. Akasema hatafuta hata nukta.

Jumatano, 18 Desemba

Barua imetoka jana. Hakuna aliyekuja.

Kila asubuhi naiweka glovu juu ya jiko la mafuta ipate joto, kama vile mkono wenyewe uko njiani. Inaingia vidole vyangu viwili.

Ijumaa, 20 Desemba

Saa saba mchana Orikasa amekuja mwenyewe, theluji mabegani, na daftari la Suzuna. Ni lile linalokwenda na kurudi kila siku kati ya nyumbani na shuleni. Mwandiko wa Chizuru haujabadilika:

"Joto 36.4. Amekula vizuri. Mwambieni mwandishi wa barua kwamba mkono wa kushoto wa Suzuna unapata baridi. Jumapili saa nne tutaifuata glovu. Nitaleta supu, asihangaike kupika."

Nimesoma mara saba. Pumzi ilikatika, na safari hii haikuwa moyo. Au ilikuwa moyo, lakini si ule wa daktari.

Daftari lilitakiwa kurudi kabla watoto hawajafunga mikoba. Sikuweza kuliachia liende bila jibu. Nikafungua kasha la mihuri.

Nilipima kwa haki. Barua fupi, safi, ina joto. Lakini hakuna salamu, na mstari wa mwisho umeandikwa kwa haraka. Nikampigia "Vizuri". Ule wa "Vizuri Sana" nimemwekea Jumapili, akija na supu kweli. Mtu akipewa yote kwa mpigo hubweteka.

Orikasa alilitazama daftari. Akaketi kwenye ngazi ya mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, akauliza: Mwalimu, kweli?

Nikamwambia anyooshe mgongo, atachelewa.

Nimenyoa tena. Glovu iko juu ya jiko.