Nani Anaiba Maji ya Bunju Wangu?

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Siku kubwa! Nimempata bunju hai. Kaingia na bamvua, bahari ilipojaa kupita kawaida, kwenye bwawa la kwanza la mashamba ya chumvi, hapa Pande, ninapofanya kazi. Ana madoa, ana meno ya mbele kama sungura, na akikasirika anajaa mpaka anakuwa mpira. Nimemwita Mheshimiwa. Wenzangu wakasema mtupe huyo, ni sumu. Sumu kwa mlaji! Mimi simli, namfuga. Nani mwingine Pande nzima ana samaki sebuleni?

Nimemweka kwenye kabati la vioo ambalo Mwahija, mke wangu, alikuwa akiuzia maandazi. Pembe nimeziba kwa silikoni. Nimeliweka dirishani, palipo na jua, wapita njia wamwone. Hewa nampulizia kwa pampu ya baiskeli. Mwahija kanuna. Atazoea.

Twalib, jirani yangu na mwenzangu kazini, anadai ndiye aliyemwona kwanza. Kaniambia kwa sauti ya chini nimtunze vizuri. Kwa nini sauti ya chini?

Jumatano, 10 Septemba

Maji yamepungua! Upana wa kidole kizima. Sakafu kavu, hakuna panapovuja. Nimechora mstari kwenye kioo, nikajaza maji ya bahari mpaka juu. Twalib kapita dirishani mara tatu. Kasalimia mara mbili tu.

Jumatatu, 15 Septemba

Yanapungua kila siku, nami najaza kila siku. Jana nilimwaga majivu sakafuni ili ninase nyayo. Nimepata za kwangu, za kuku, na za Mwahija aliyekuja kuyafagia kwa hasira. Za mwizi hakuna. Mjanja huyu!

Tena leo vioo vimefanya ukoko mweupe. Nimeonja. Chumvi! Yaani mtu anachukua maji halafu chumvi anatuachia. Dharau gani hii? Nimeikwangua yote nikairudisha ndani, mali ya Mheshimiwa isipotee.

Mwahija kasema ni jua tu linakausha. Nimemjibu kwamba nina miaka kumi na moja kwenye chumvi, jua nalijua kuliko yeye. Jua linakausha majaruba ya chumvi. Haliingii majumbani kwa watu kukausha makabati.

Ijumaa, 19 Septemba

Mheshimiwa anaumwa. Kaa ninaomletea hawagusi tangu juzi. Amelala chini, rangi imepauka, hata nikigonga kioo hajai. Angenikasirikia kidogo tu ningefurahi. Nimelia, sifichi.

Baada ya swala nimesema hadharani kwamba kuna mtu anamkausha samaki wangu kwa wivu. Twalib akauliza ninamaanisha nani. Nikamwambia anajijua.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimemkamata! Nilijifanya naenda kazini, nikarudi kwa mlango wa uani, nikajibanza nyuma ya pazia la chumbani. Saa mbili asubuhi, Twalib huyo, anaingia sebuleni na ndoo. Nikamrukia. Ndoo ikatumwagikia sote wawili.

Ajabu ni kwamba ilikuwa imejaa. Maji ya kisimani, hayana hata chembe ya chumvi.

Mwahija akatoka jikoni, akasema ni yeye aliyemwita aje amwokoe samaki kabla mimi sijammaliza. Akanishika mkono, akachovya kidole changu ndani ya kabati, akaniamuru nilambe. Ulimi ukakakamaa! Makali kama maji ya jaruba la mwisho, lile la kuvunia. Akasema nimefungua shamba la chumvi sebuleni kwake na kiumbe wa watu nimemtia humo humo. Twalib alikuwa kalowa chapachapa. Akaenda kuleta ndoo nyingine, akaimimina kidogo kidogo.

Jumapili, 21 Septemba

Mheshimiwa kala kaa wawili! Nimegonga kioo, akajaa mpaka macho yakamtoka. Alhamdulillahi. Nimemwomba Mwahija radhi, na nimekiri mbele yake kwamba mwizi alikuwa jua.

Kisha nikakaa asubuhi nzima kuchunguza linaingiaje humu ndani. Nimeligundua. Linatokea kwa Twalib! Linapanda nyuma ya nyumba yake, linapita juu ya bati lake, ndipo linashuka moja kwa moja dirishani kwangu. Kila siku, na muda wote huo jirani mzima hajanitajia.

Kesho naenda kumshtaki kwa mwenyekiti wa kitongoji.