Mpira Mmoja, Nyota Watano

Jumatatu, 10 Agosti

Tumefika. Magazeti yote yanatupigia upatu. Hata dada wa mapokezi hotelini alinipongeza kwa ubingwa kabla hajanipa ufunguo. Nilimshukuru kwa unyenyekevu, kidevu juu.

Chumba namba 214. Nimepangwa na Faili! Faili ni msaidizi wa kwanza wa kocha wa timu ya taifa ya mpira wa kikapu. Mimi ni msaidizi wa pili. Tulimpa jina hilo kwa sababu hatembei bila faili lake la bluu; hata bafuni huingia nalo. Amechukua kitanda cha dirishani. Anadai walipiga kura. Nimeuliza walipiga akina nani. Amesema yeye.

Sasa jambo lenyewe. Kocha wetu, ambaye sote tunamwita Mzee, anastaafu baada ya mashindano haya. Miaka kumi na sita ameifundisha timu. Mara nne amekwenda kimataifa na kikosi kinachoogopwa, mara nne amerudi mikono mitupu. Hii ni ya tano na ya mwisho. Ndani ya ndege mwenyekiti wa chama ametuambia kwamba kamati itachagua kocha mpya kati ya Faili na mimi. Na kwamba kabla ya kupiga kura itawasikiliza wachezaji.

Itawasikiliza wachezaji! Nilishindwa hata kumaliza chakula cha ndege. Faili alimaliza chake, akaomba na changu.

Jumanne, 11 Agosti

Siku ya kazi.

Tuna nyota watano. Wote wanacheza ligi kubwa za nje, kila mmoja nchi yake, na wamekutana Ijumaa iliyopita tu. Nahodha, ambaye picha yake imebandikwa kwenye mabasi. Mnara, anayeinama kila mlango. Upepo, mwenye mbio. Kidole, anayefunga kutoka mbali kama mtu anayetupa ganda la karanga. Na Kimya, ambaye tangu afike amesema maneno sita, manne kati yake yakiwa asante.

Mtu akitaka kupendwa na watano, awapende mmoja mmoja. Ndiyo siri yenyewe. Faili hawezi kuijua, haimo kwenye faili.

Nilianza na Nahodha, akinyolewa. Nikamwambia kwamba timu hii ni yeye, waliobaki ni wasindikizaji. Kwamba mpira wa mwisho, ule wa kuamua mechi, ni wake. Kwamba mimi ningekuwa kocha ningejenga kila kitu juu yake. Na kwamba hayo yabaki kati yetu. Alitabasamu mpaka kinyozi akasimamisha mashine.

Halafu Mnara, chumbani kwake, miguu yake ikiwa juu ya kiti cha ziada. Halafu Upepo, kwenye lifti. Kidole nilimkuta akikandwa mgongo, nikasubiri mkandaji aende kunawa mikono. Kimya alikuwa anakula yai. Wote nimewaambia maneno yale yale, sikuongeza wala kupunguza. Huo ndio usawa.

Kwa saa moja na dakika arobaini tu kazi imekwisha. Watano wote wamenipa mkono. Mnara nusura anivunje vidole.

Jumatano, 12 Agosti

Mazoezi. Mzee ana sheria yake moja ya tangu enzi na enzi: kabla ya kutupa, mpira upite mikono minne. Leo mpira ulifika kwa Upepo ukahamia huko. Tukaanza upya. Ukafika kwa Kidole, naye akatupa kutoka karibu na mlango. Mzee alipuliza filimbi mpaka mashavu yakamchoka. Aliniuliza vijana hawa wana nini. Nilimjibu kwamba wana njaa ya ushindi. Nilipendezwa na jibu hilo.

Alasiri ilikuwa zamu ya Faili kuwafundisha sheria za mashindano. Katika ligi wanazotoka baadhi yao, Nahodha akiwamo, mchezaji hutolewa kwa faulo ya sita. Huku ni ya tano. Robo nazo ni fupi. Mambo ya kujisomea tu! Nilipita vyumbani nikawaambia kikao ni cha hiari, kwa wale wenye wasiwasi na uwezo wao. Walihudhuria wawili: daktari wa timu, na Kimya, aliyedhani kuna chai. Faili aliwasomea kurasa zote arobaini. Nilisimama dirishani nikimwangalia anavyofungua ukurasa baada ya ukurasa. Roho yangu ilisuuzika.

Alhamisi, 13 Agosti

Mechi ya kwanza ya mtoano, na tumeshinda! Sabini na moja kwa sitini na saba.

Faili, ambaye hajui kufurahi, anasema tulipaswa kuwashinda kwa pointi arobaini, kwa kuwa wale ni wa mwisho katika orodha. Anasema pasi zilizozaa kikapu mechi nzima ni tatu, na moja kati ya hizo ni mtupo wa Kidole uliokosa ukamwangukia Mnara mikononi. Nilimwambia kikapu ni kikapu.

Tatizo langu ni jingine. Kila mmoja akifunga, ananitazama benchi na kunikonyeza. Nahodha alinikonyeza. Upepo alinikonyeza. Lazima nimjibu kila mmoja bila wengine kuona, na bila Mzee kuona, naye amekaa bega kwa bega nami. Jicho la kushoto linauma. Daktari amenipa matone, akaniuliza kama kuna vumbi uwanjani. Nimemwambia lipo jingi.

Ijumaa, 14 Agosti

Mzee ameniita chumbani kwake. Nikajua mambo yamejipa. Alikuwa amepanga vifuniko vitano vya chupa mezani, kama wachezaji, akivisogeza huku na huku. Alisema hawaelewi vijana wake mwaka huu. Hawagombani, hawanuniani, lakini hakuna anayempa mwenzake mpira. Akasema ameona wananipenda. Akaniomba niende kwa kila mmoja, kwa upole, nimwambie atoe pasi.

Mimi! Niwaambie watoe pasi!

Nilizunguka bustani ya hoteli mara tatu. Nikimwambia Nahodha atoe pasi ataniona kigeugeu, na kura yake imekwenda na maji. Nikikataa, Mzee atamtuma Faili. Mara ya nne wazo likanijia, nikapiga kofi peke yangu. Nilikwenda kwa kila mmoja nikamwambia kwamba Mzee amewaagiza wenzake wote wampe yeye mpira. Yeye atulie tu, asihangaike, mpira utamfuata alipo.

Nani kama mimi? Mzee amepata alichotaka, kwa kuwa sasa kila mmoja anajua pasi zipo. Na wachezaji wamefurahi. Kimya alisema asante mara mbili.

Nimempigia mke wangu nimsimulie. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanikumbusha harusi ya mdogo wangu, nilipowaambia shangazi zangu watatu, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba yeye ndiye mkuu wa jiko. Wageni wakala wali aina tatu bila mchuzi. Nimemwambia huo ni mfano wa mbali kabisa. Mpira wa kikapu hauna mchuzi. Akauliza kama nafua soksi.

Jumamosi, 15 Agosti

Naandika nimejifungia bafuni.

Robo fainali. Wapinzani: nchi ndogo ambayo bendera yake ilibidi waandaaji waitafute. Mchezaji wao mrefu ni mwalimu wa hesabu. Mwenye mbio wao anaoka mikate. Lakini wamecheza pamoja miaka kumi na miwili, mpira unatembea kati yao kama sahani ya karanga sebuleni, kila mtu anachukua kidogo na kumpa wa pili.

Na wetu? Wetu walisimama! Robo yote ya kwanza watu watano wamesimama, mikono wazi, wakingoja mpira uwafuate. Mzee alitoa macho. Aliuliza kama wanaumwa. Daktari naye alinitazama. Nilijifanya nafunga kamba ya kiatu. Viatu vyangu havina kamba.

Robo ya pili hasira zikawapanda, wakaacha kungoja wakaanza kunyang'anya. Kwa kipaji chao tu, kila mtu kivyake, wakarudi mchezoni. Dakika ya mwisho tuko nyuma kwa pointi moja. Nahodha akamgonga yule mwoka mikate. Mwamuzi akamwonyesha atoke, faulo ya tano. Nahodha akakataa. Akanyoosha vidole sita juu, akivihesabu kwa sauti. Mwamuzi akanyoosha vitano. Wakasimama hivyo kama watu wanaopatana bei sokoni, mpaka Mzee mwenyewe akaingia kumshika mkono. Faili alifungua tu faili lake kwenye ukurasa wa faulo, akaliweka mapajani pangu.

Sekunde tisa. Mwalimu wa hesabu akakosa, Mnara akaudaka mpira. Upepo akamrukia Mnara. Kidole akamrukia Upepo. Kimya naye akapenyeza mikono. Mpira mmoja, mikono minane, yote yetu! Wapinzani wakasogea pembeni wasiumie. Yule kijana wa akiba aliyeingia badala ya Nahodha, ambaye sikuwahi kumwahidi kitu, alikuwa peke yake chini ya kikapu akipunga mkono. Hakuna aliyemwona. King'ora kikalia.

Themanini kwa sabini na tisa. Tumetolewa.

Chumba cha kubadilishia nguo. Mzee alikuwa kwa waandishi wa habari. Mnara akasema mpira ule ulikuwa wake, aliahidiwa. Upepo akasema yeye ndiye aliyeahidiwa. Kidole akauliza waliahidiwa na nani. Kisha Kimya mwenyewe akaninyooshea kidole na kusema, waziwazi, kwamba ni huyu hapa. Vichwa vyote vikageuka.

Nilieleza kwamba ilikuwa mbinu ya kuwatia moyo. Nahodha alinirushia taulo lililolowa. Mtupo mzuri, siwezi kumnyima sifa.

Jumapili, 16 Agosti

Nimemkuta Mzee kwenye ukumbi wa hoteli, tukingoja basi la uwanja wa ndege. Alikuwa amevua viatu, amekaa na soksi, begi pembeni. Nilitaka kupita nyuma ya nguzo. Akaniita mwanangu.

Aliniambia kwamba waandishi walimuuliza kosa ni la nani, naye akasema ni lake. Amezeeka, alisema. Amepewa vijana watano bora kuliko wote aliopata kuwa nao, amewapenda kama wanawe, na ameshindwa kuwafanya wapeane mpira. Labda miaka yote hii hakujua kuzungumza nao. Kombe lilikuwa jambo dogo, alisema. Alitamani tu, kabla hajaondoka, auone mpira ukizunguka mikononi mwao walau mara moja.

Kisha akaniuliza nini nilichokiona mimi ambacho yeye hakukiona.

Maneno yalikuwa pale pale, nyuma ya meno. Nikamwambia sikuona kitu. Akanishukuru kwa kujaribu kuzungumza nao Ijumaa. Akanishika bega.

Nilikwenda chooni nikalia. Nililia kweli, si kwa kujionea huruma, ingawa na hiyo ilikuwemo. Nimejiona mtu mbaya. Nimeapa mbele ya kioo: sitampaka mtu yeyote mafuta kwa mgongo wa chupa tena. Kamwe!

Ndani ya ndege Faili alikaa jirani yangu. Alisema hatamwambia Mzee, kwa sababu kujua kutamuumiza zaidi kuliko kutojua. Akasisitiza kwamba hafanyi hivyo kwa ajili yangu. Halafu akalala, faili kifuani.

Jumatano, 19 Agosti

Nyumbani. Nimelala, nimekula, naona mambo kwa utulivu.

Kwanza, Mzee amekwisha kulibeba kosa hadharani, kwa heshima kubwa. Kumnyang'anya sasa itakuwa utovu wa adabu.

Pili, nasikia wachezaji wameiandikia kamati barua kunihusu. Wametia sahihi wote watano. Hatimaye wameshirikiana! Ningekuwa na moyo mdogo ningekasirika, lakini mimi nimeona maendeleo.

Tatu, na hili ndilo kubwa, nimegundua nilipokosea. Niliwategemea wachezaji. Wachezaji husikilizwa tu, hawapigi kura. Wanaopiga kura ni wajumbe wa kamati, nao ni watano tu.

Nimeshinda kwenye simu tangu asubuhi. Nimempigia mjumbe wa kwanza, mwanamama mstaafu wa benki, nikamweleza kwamba kamati hiyo ni yeye, waliobaki wanajaza viti. Kwamba nikiwa kocha, nitamsikiliza yeye peke yake. Na kwamba hayo yabaki kati yetu. Alifurahi sana, akaniomba nirudie polepole, nadhani alikuwa anaandika. Kisha wa pili, wa tatu, wa nne. Mwenyekiti nimemweka mwisho, kwa heshima ya cheo chake.

Mke wangu alikuwa akikunja nguo, akasikiliza simu zote tano. Aliuliza kama nina wazimu. Nimemwambia hawa ni watu wazima, si wanamichezo.

Na matunda yameanza kuonekana! Wote watano wamenipigia jioni hii, mmoja baada ya mwingine, wakiomba kuniona kesho. Cha ajabu ni kwamba kila mmoja ametaja mahali pale pale na wakati ule ule: ofisini kwa mwenyekiti, saa nne kamili. Bahati iliyoje, sitalazimika kuzunguka mji mzima. Nitavaa tai nyekundu.